Ukiuza Barbu Wawili, Umeuza Ugomvi

Leo nawaletea somo kutoka kwenye duka langu la samaki wa mapambo hapa Bagamoyo. Hata kama unauza viatu au keki, soma mpaka mwisho, hutatoka mikono mitupu.

Kila wiki WhatsApp inaingia meseji ya namna hii: "Kaka, nataka wale wa mistari, wawili tu, wanangu wamewapenda." Wale wa mistari ni taiga barbu, samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari minne myeusi, asili yake Indonesia. Picha yake inajiuza yenyewe. Tatizo lipo kwenye hilo neno "wawili tu".

Barbu ni samaki wa kundi. Wakiwa sita na kuendelea, wanafukuzana wenyewe kwa wenyewe kutafuta nani mkubwa, mambo yanaishia hapo. Wakiwa wawili, mnyonge anapigwa kutwa nzima, au wote wawili wanahamia kwa jirani: wanang'ata mapezi ya gapi na mkia wa samaki wa dhahabu. Kidonda kikipata fangasi, mteja anakutumia picha ya samaki anaelea. Hela yake imepotea, mtoto analia, na kwenye grupu la mtaa jina linalotajwa ni lako.

Ndiyo maana kabla ya kutaja bei nauliza maswali matatu.

1. Tanki lako linaingia lita ngapi?
Barbu sita wanataka lita 80 au zaidi. Kama hajui, apime urefu, upana na kimo kwa sentimita, azidishe, kisha agawe kwa 1,000. Tanki la 60 kwa 40 kwa 40 ni lita 96, linafaa. Bakuli la mezani halifai.

2. Tanki lina muda gani, na lina nani ndani?
Samaki anajisaidia humo humo anamopumua. Uchafu wake unatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wazuri wanaoiondoa, ila kwenye tanki jipya wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kuongezeka. Mteja awashe filta na kutia chakula kidogo kila siku, bila samaki. Mimi nampa na kipande cha sponji kutoka kwenye filta yangu, ina bakteria tayari, inapunguza kusubiri.

3. Maji unatoa wapi?
Huku pwani hili ndilo linaloamua. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, na barbu si samaki wa maji chumvi. Maji ya bomba yanatiwa klorini, inaunguza matamvua. Dawa ya kuondoa klorini ndiyo njia ya uhakika. Kama hana, ayaache kwenye ndoo wazi saa 24.

Akishapata samaki, kazi si kubwa. Abadilishe robo ya maji kila wiki. Alishe mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Hita huku kwetu haihitajiki, adui ni joto, kwa sababu maji ya moto yanabeba hewa kidogo. Tanki likae mbali na jua la dirishani. Umeme ukikatika, achote maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, hewa iingie.

Kusafirisha: oda za Bunju na Tegeta zinatoka alfajiri. Samaki hawali siku moja kabla. Mfuko unakuwa theluthi moja maji, theluthi mbili hewa. Mteja auelezee kwenye tanki dakika 15, aongeze maji ya tanki kidogo kidogo, kisha awatoe samaki kwa wavu. Maji ya mfukoni yamwagwe nje. Na akiwachoka aniletee, asiwatupe Mto Ruvu.

Sasa hesabu. Tuseme barbu mmoja ni 4,000. Wawili ni 8,000, na nauli ya boda inaila karibu yote. Sita ni 24,000, na mteja ambaye samaki wake wazima atarudi kununua chakula. Ila sitawadanganya, wapo wanaonijibu "unajidai" na kwenda kwa mwingine. Inauma, maana kodi ya fremu haisubiri. Lakini aliyeondoka bila samaki bado anaweza kurudi. Aliyezika samaki wangu harudi.

Zoezi la leo: andika maswali matatu yanayoonyesha kama bidhaa yako itamfaa mteja akishafika nayo nyumbani. Yahifadhi kwenye simu kama majibu ya haraka. Kesho mtu akiuliza "bei gani?", anza na hayo.