Kipepeo, Mbu na Macho ya Mtoto

Nyuma ya nyumba yangu hapa Kibaha umesimama mlimau mmoja. Asubuhi moja mjukuu wangu wa miaka minne aliniita: "Babu, njoo uone, kinyesi cha ndege kinatembea!" Nilipoinama nikaona kiwavi mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe mgongoni. Nilipomgusa kwa ncha ya kijiti, alichomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Mtoto akaruka nyuma, kisha akacheka.

Huyo ni mtoto wa kipepeo wa michungwa, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus. Mama yake hutaga mayai juu ya majani ya milimau na michungwa. Kiwavi akiwa mchanga hujifananisha na kinyesi ili ndege wasimle. Akikua hugeuka kijani kama jani. Kisha hujishikiza kijitini akawa pupa asiyekula, na mwishowe hutoka akiwa na mabawa. Bustani za vipepeo, kama ile ya Pete karibu na msitu wa Jozani, Unguja, huwaonyesha wageni hatua hizo nne. Kwetu sisi, mlimau mmoja ulitosha kuwa bustani.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Kisarawe, pembezoni mwa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa, na kando ya njia palibaki dimbwi lililopigwa na jua. Vipepeo weupe na wa manjano walikuwa wametua topeni wakifyonza. Nilimweleza kuwa wanatafuta chumvi, ambayo ni haba katika maji matamu ya maua. Alichutama kimya kwa muda, kisha akauliza: "Na hawa wanaocheza majini ni watoto wa kipepeo?"

Nilishtuka. Walikuwa viluwiluwi wa mbu, wamelala sambamba na uso wa maji. Hiyo ndiyo alama ya Anofelesi, mbu aenezaye malaria. Viluwiluwi wa mbu wengine huning'inia vichwa chini. Mwaka uliotangulia mtoto huyuhuyu alikuwa amelazwa kwa malaria. Nilimwambia kuwa mbu naye hupita njia ileile: yai, kiluwiluwi, pupa, kisha mbu kamili. Katika joto la Pwani, safari hiyo huweza kukamilika kwa wiki moja hadi mbili.

"Basi tuwaue, Babu. Lakini vipepeo watakunywa wapi?"

Jibu la swali hilo linatengenezwa Kibaha kwetu, katika kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia. Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis hutoa sumu inayofanya kazi tumboni mwa kiluwiluwi anayeimeza. Haimdhuru kiwavi wa kipepeo, wala haina madhara kwa binadamu inapotumiwa ipasavyo. Kinyume chake, dawa kali inayopulizwa ovyo bustanini humuua kiwavi juu ya mlimau na kumwacha kiluwiluwi dimbwini akiwa salama.

Mzazi anaweza kuanza na hatua ndogo. Kila wiki mwageni maji yaliyotuama katika ndoo, makopo na matairi. Humo huzaliana Aedesi, mbu aenezaye homa ya dengi, iliyolikumba jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Fukieni madimbwi yasiyo na kazi, na yale makubwa mwarifuni afisa afya wa kata. Chandarua chenye dawa kibaki palepale kitandani, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Mfundisheni pia asishike viwavi wenye manyoya, kwani wengi huwasha.

Siku hizi mjukuu wangu hukagua ua kila Jumapili. Huanza mlimauni kuhesabu viwavi, kisha huja kwenye ndoo iliyo chini ya bomba, huchungulia, na kuniita tuimwage pamoja.