Walimu tarajali na darasa lao la kwanza

Kila mwaka maelfu ya vijana kutoka vyuo vya ualimu na vyuo vikuu hapa Tanzania hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha kwa vitendo. Hawa ndio wanaoitwa walimu tarajali. Wengine ni watoto wa parokia zetu. Wengine ni wageni wanaopanga chumba jirani nasi, wakasali nasi Dominika chache, pengine wakaimba hata kwaya, kisha wakaondoka. Waamini huwaona asubuhi wakienda kazini wamevaa nadhifu, lakini si wengi wanaofahamu kinachowakuta wakiwa peke yao mbele ya darasa.

Chuoni kijana alijizoeza kwa kuwafundisha wanachuo wenzake, watu wazima waliokaa kimya kwa sababu zamu yao nao ilikuwa inakuja. Shuleni anakuta watoto sabini au zaidi, watatu watatu katika dawati moja, na kitabu kimoja kinachogombewa na mstari mzima. Watoto hao wanatambua mapema kwamba huyu si mwalimu wa kudumu, nao humjaribu. Mmoja atauliza swali ambalo jibu lake analijua, mwingine atacheka nyuma pasipo sababu, na kelele zitapanda kila anapogeukia ubao. Wakati huohuo mkufunzi wa chuo anaweza kufika siku yoyote kumtathmini. Mwalimu mgeni aliyebanwa hivyo huona njia moja tu ya mkato, nayo ni fimbo iliyoegemezwa ukutani.

Hapa yafaa wazazi wafahamu sheria inavyosema. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002, zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, naye hana budi kupata kibali chake kila mara. Adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, haizidi viboko vinne, na lazima iandikwe katika kitabu maalumu. Kwa hiyo mwalimu tarajali anayechapa watoto kwa sababu ya kelele au kwa kukosa jibu la hesabu hatumii haki yoyote aliyopewa. Tena hasara yake haiishii kwa mtoto aliyechapwa. Kijana aliyejifunza katika wiki zake za kwanza kwamba utulivu hununuliwa kwa hofu atakwenda na somo hilo katika miaka thelathini ya utumishi, na watakaolilipia ni watoto ambao bado hawajazaliwa.

Mama Kanisa ana mwalimu wa kutusaidia katika jambo hili. Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle, padre Mfaransa wa mji wa Reims, alikutana na walimu wa shule za maskini ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kufundisha. Mwaka 1681 aliwachukua wakaishi nyumbani kwake, jambo lililowaudhi ndugu zake, na mwaka 1685 akaanzisha mjini humo chuo cha kuwaandaa walimu wa vijijini. Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu wote. Mwongozo wa shule zake, uliochapwa mwaka 1720, una mambo ya kiutendaji kabisa. Mwalimu aseme kidogo, na aongoze darasa kwa ishara zinazojulikana badala ya kupaza sauti. Katika malezi ya walimu wapya, hamu ya kusemasema ilihesabiwa miongoni mwa kasoro za kuondolewa. Kweli, shule za karne ile hazikukosa adhabu ya viboko, lakini yeye aliiwekea masharti mengi na kutaka itumike kwa nadra.

Shauri hilo la kusema kidogo lina faida hata leo. Mwalimu anayepiga kelele ili kuzima kelele huongeza sauti moja tu juu ya sabini. Afadhali asimame mbele, anyamaze, asubiri. Kisha aanze na kazi ambayo kila mtoto anaweza kuifanya mara moja katika daftari lake. Andalio la somo lililoandikwa vizuri huonesha dakika tano hizo za mwanzo, siyo mada na malengo peke yake. Kujifunza majina nako ni kazi ngumu katika darasa kubwa, lakini mtoto aliyeitwa kwa jina lake haoni tena raha ya kujificha nyuma ya wenzake. Na kwa lile swali la kumjaribu asilo na jibu lake, aseme wazi kwamba atalileta kesho, na kesho alilete kweli.

Kuna pia ukimya usiopaswa kuchukuliwa kuwa ukaidi. Katika shule zetu nyingi za msingi mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, naye akiingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu mgeni anauliza, darasa zima linainamisha vichwa, naye anadhani wamemdharau. Mara nyingi hawakuelewa swali. De La Salle alikutana na tatizo linalofanana nalo: desturi ya wakati wake ilikuwa kuanza kusoma kwa Kilatini, naye akaamua watoto wa maskini waanze kwa Kifaransa, lugha waliyoisema nyumbani. Mwalimu tarajali hawezi kubadili lugha ya kufundishia, lakini anaweza kuuliza polepole, kuandika maneno magumu ubaoni, na kuwapa wanafunzi nafasi ya kujadiliana wawili wawili kabla ya kujibu.

Walimu wenyeji wana deni hapa. Katika baadhi ya shule ujio wa walimu tarajali huonekana kama likizo: mwenyeji hukabidhi vipindi vyote na kubaki ofisini. Huko si kumlea kijana. Akae nyuma ya darasa walau mara moja kwa wiki, kisha wazungumze faraghani, kamwe si mbele ya wanafunzi.

Nao wazazi, ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwaita mwaka 1965 waelimishaji wa kwanza wa watoto wao, wasimwambie mtoto kwamba huyo ni mwalimu wa muda tu. Wakiitwa naye shuleni, waende kama ambavyo wangemwendea mwalimu mkuu. Dakika kumi za mazungumzo zinaweza kumweleza jambo ambalo hakuna andalio la somo litakalomwonesha: kwamba mtoto huyu anayesinzia huamka saa kumi alfajiri kuchota maji, au kwamba anayemsumbua jirani yake hasomi vizuri kilichoandikwa ubaoni na anaomba asomewe.