Matembezi Katika Mji wa Kitui

Msafiri atokaye Kibwezi, upande wa Makueni, huvuka mto Athi, akapita Ikutha na Mutomo, ndipo afike Kitui. Zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi na makorongo. Sasa ni ya lami.

Nchi ya Kitui imezoea wageni. Mwaka 1849 Dr. Krapf alitoka Rabai akaja kwa Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba akauona mlima Kenya kwa mbali. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga.

Mimi nilianza matembezi yangu katika soko la Kalundu. Hapo huuzwa ndengu, kunde na mbaazi kwa gorogoro, asali iliyotiwa katika chupa, na viondo vya katani. Viondo vya zamani vilisukwa kwa nyuzi za mbuyu.

Njaa iliponishika niliingia mkahawani nikaletewa muthokoi. Mahindi hutiwa maji kidogo, hutwangwa kinuni mpaka maganda yatoke, kisha hupikwa pamoja na kunde au maharagwe. Ni chakula kizito. Aliyekila mchana hatafuti kingine mpaka usiku.

Nilipotoka nikamkuta mama mmoja mzee mbele ya duka la mnunuzi wa nafaka. Alikuwa na magunia mawili ya ndengu. La kwanza aliliuza. La pili akalikalia.

"Ongeza na hilo, mama. Nimepandisha bei," akasema mwenye duka.

"Hilo ni mbegu, mwanangu. Mwaka jana niliuza yote nilipe karo ya mjukuu. Mvua ilipokaribia nikanunua mbegu hapa hapa kwa bei maradufu."

"Na karo ya mwaka huu je?"

"Nitalipa nusu, na iliyobaki nitamwomba mwalimu anisubiri. Mwalimu aweza kusubiri, mvua haisubiri."

Wasomaji wa Ukambani wanajua maana ya maneno hayo. Mvua ya vuli, ianzayo Oktoba au Novemba, ndiyo tegemeo kubwa la mkulima huko, nayo haikawii kukatika. Aliyechelewa kupanda amepoteza msimu.

Mwenye duka alipandisha bei mara ya pili. Yule mama akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaomba nimsaidie kulipakia juu ya punda, akashika njia ya kwao.