Mbavu za Ndege na Pumzi ya Abiria

Mgonjwa wa Bariadi aliyepewa rufaa ya Muhimbili, akiamua kwenda kwa ndege, mara nyingi hupandia Mwanza. Akishakaa kitini, kinachomtenga na anga la nje, ukiondoa mapambo ya ndani na sufi ya kuzuia baridi, ni bati la alumini lenye unene wa milimita moja au mbili. Wengi wakisikia hivyo huingiwa na hofu. Wasihofu: nguvu ya ndege haimo kwenye unene.

Atakayekuelewesha vizuri ni fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Robota likitoka kwenye shinikizo hutaka kufumuka, likazuiwa na waya chache zilizolizunguka. Bodi la ndege nalo limezungukwa na mbavu za duara, zikaunganishwa kwa pau nyembamba zinazokwenda urefu wote, kisha bati likapigiliwa ribiti juu yake. Kila kipande hubeba sehemu ya mzigo, bati lenyewe likiwemo.

Mzigo huo ni hewa. Kwenye kimo cha kilomita 11, mgandamizo wa hewa ya nje haufiki robo ya ule wa pwani. Mtu akiivuta hiyo peke yake hupoteza fahamu upesi. Kwa hiyo hewa husindiliwa ndani, nayo husukuma kila mita ya mraba ya bodi kwa nguvu ya tani 5 hadi 6. Ndege ikitua, bodi hunywea. Safari nyingine, linatanuka tena.

Hatari ya kutanuka na kunywea huko ilijulikana kwa vifo. Comet ya Uingereza, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kibiashara, ilianza safari za London hadi Johannesburg Mei 2, 1952, ikipitia Entebbe, ng'ambo tu ya ziwa letu. Mwaka 1954, Januari na Aprili, Comet mbili zilipasuka zikiwa juu ya Mediterania. Huko Farnborough, wachunguzi walilizamisha bodi la Comet nyingine kwenye tangi la maji, wakapandisha na kushusha mgandamizo mfululizo. Lilipasuka likiwa limefikisha mizunguko ipatayo 3,000, ikiwemo ya safari zake za awali. Metali ilikuwa imechoka, na nyufa zilianzia kwenye pembe za matundu. Ndiyo maana madirisha ya ndege leo yana pembe za mviringo, na mafundi huhesabu miruko pamoja na saa za angani.

Boeing 787 ambayo Air Tanzania iliipokea Julai 2018 imeundwa, kwa karibu nusu ya uzito wake, kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Hazishiki kutu, wala hazichoki upesi kama alumini. Hewa ya ndani inaweza kubaki kama ya mlima wa mita 1,800. Katika ndege nyingi za zamani hufikia ya mita 2,400, juu kidogo ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro.

Mwenye afya njema hasumbuki sana. Ila Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa seli mundu, na oksijeni ikipungua seli zao hujikunja na kuziba mishipa. Hao, pamoja na wenye upungufu mkubwa wa damu au maradhi ya moyo na mapafu, wamwone daktari kabla ya kukata tiketi, na safarini wanywe maji ya kutosha. Anayehitaji oksijeni aliarifu shirika la ndege mapema, akiwa na barua ya daktari; akingoja hadi kaunta ya uwanjani anaweza kuachwa.