Lori Kuukuu Likigoma Kuwaka Baada ya Matengenezo: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kufungua Injini Tena

Ni saa kumi alfajiri mjini Ol Kalou. Lori limepakiwa viazi tangu jana jioni, na mnunuzi wa Nairobi anausubiri mzigo kabla soko halijachangamka. Dereva anapiga stata, injini inazunguka, lakini haishiki. Lori lenyewe limetoka gereji wiki iliyopita tu baada ya kubadilishiwa ringi na gasketi ya silinda hedi, na mwenyewe bado anadaiwa pesa za vipuri. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba injini imeharibika na itabidi ifunguliwe upya.

Mara nyingi sivyo. Lori linaloanza kuwaka kwa shida punde tu baada ya matengenezo aghalabu huwa na kasoro ndogo iliyobaki palepale fundi alipogusa: waya ambao haukukazwa, hewa iliyonaswa kwenye bomba la dizeli, au taiming iliyoruka jino moja. Kufungua injini mara ya pili kabla ya kukagua mambo haya ni kulipa mara mbili kwa kazi ambayo huenda ilifanywa vizuri.

INJINI YA DIZELI INATAKA NINI ILI IWAKE?

Malori mengi ya zamani yanayobeba mazao katika Kaunti ya Nyandarua hutumia dizeli. Injini ya aina hii haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa na kushika moto yenyewe. Kwa hivyo mambo matatu ni ya lazima: injini izunguke kwa kasi ya kutosha, dizeli safi isiyo na hewa ifike kwa wakati wake, na hewa ibanwe sawasawa. Yote matatu huguswa injini inapotengenezwa.

Mahali pia pana mchango wake. Ol Kalou iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni takribani robo tatu ya lile la Mombasa. Ukiongeza baridi ya alfajiri ya Kinangop, kasoro ambayo dereva wa Pwani asingeitambua huku hulifanya lori ligome kabisa.

ANZA KWA KUTAZAMA MOSHI

Kabla ya kushika spana, mtu mmoja apige stata kwa sekunde 10 hivi huku mwingine akitazama ekzosi.

• Hakuna moshi hata kidogo: dizeli haifiki kwenye silinda. Hapo hakuna sababu ya kushuku ringi wala pistoni.

• Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli: dizeli inafika lakini haishiki moto. Sababu huwa ni baridi, hita plagi zilizokufa, taiming iliyochelewa au mbano hafifu.

• Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yakipungua: maji yanaingia kwenye silinda. Gasketi au silinda hedi ikaguliwe mara moja.

• Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Filta ya hewa iangaliwe, na pia kama kuna kitambaa kilichosahauliwa kwenye mpira wa kuingizia hewa.

• Moshi wa buluu: oili inaungua. Ringi mpya huweza kuonyesha hali hii kwa muda mfupi kabla hazijakaa, lakini ikiendelea, fundi aitwe.

HATUA YA KWANZA: UMEME NA STATA

Fundi akitoa injini hufungua waya wa athi unaounganisha injini na chesisi. Waya huo ukirudishwa juu ya rangi au kutu, au ukisahauliwa, stata huzunguka kwa uzito hata kama betri ni mpya. Kifundo cha waya kikipata joto wakati wa kupiga stata, hapo ndipo umeme unapopotelea.

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani volti 12.6 ikiwa imetulia. Lori la volti 24 lina betri mbili, hivyo jumla ni takribani volti 25.2. Ikiwa volti zinaporomoka chini ya 19 wakati stata inazunguka, betri zipimwe kwanza.

Injini iliyotiwa ringi na beringi mpya huwa nzito kidogo, na hilo ni la kawaida. Oili nzito ya namba 40 peke yake huongeza uzito huo asubuhi ya baridi. Iwapo kitabu cha gari kinaruhusu 15W-40, hiyo huzunguka kwa wepesi zaidi.

HATUA YA PILI: HEWA KWENYE DIZELI

Hiki ndicho chanzo cha kawaida zaidi. Kila bomba lililofunguliwa huingiza hewa, na pampu haiwezi kuisukuma hewa kama inavyosukuma dizeli. Dalili yake ni lori kuwaka vizuri mchana lakini kugoma baada ya kulala usiku kucha, kwa kuwa dizeli hurudi kwenye tangi polepole na hewa kushika nafasi yake.

Fundi atoe hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka dizeli itoke bila mapovu. Mapovu yakirudi kesho yake, kuna mahali panavuta hewa. Pa kushukiwa kwanza ni washa za shaba zilizotumiwa mara ya pili, mpira wa filta uliokaa vibaya, na mabomba ya mpira yaliyopasuka yalipokunjwa.

Kuna jaribio rahisi la kupambanua. Mtungi safi wenye dizeli safi uinuliwe juu kuliko pampu, na bomba lake liunganishwe moja kwa moja na pampu bila kupitia tangi wala filta ya gari. Lori likiwaka upesi, injini ni nzima na tatizo liko kati ya tangi na filta. Jaribio hili pia hufichua dizeli yenye maji au iliyochanganywa na mafuta taa.

Solenoidi ya kuzimia injini nayo isisahaulike. Waya wake ukiachwa wazi, katika malori mengi pampu haitoi dizeli kabisa.

HATUA YA TATU: HITA PLAGI NA TAIMING

Hita plagi hupimwa moja moja, kwa sababu moja au mbili zikifa injini huwaka ikitetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika chache. Mara nyingine plagi zote ni nzima, ila bamba linalozipelekea umeme halikurudishwa.

Taiming ni jambo la kuangaliwa kwa macho, si la kukisiwa. Alama za gia au mkanda zilingane, na pampu ikae kwenye alama yake. Jino moja tu likiruka, injini inaweza kuwaka kwa shida, kutoa moshi mweupe na kukosa nguvu mlimani.

HATUA YA NNE: MBANO WA HEWA

Hatua hii huja mwisho kwa sababu ndiyo ghali. Hata hapa, jambo la kwanza ni kurekebisha nafasi za valvu. Zikibanwa mno, valvu hazifungi vizuri na hewa huvuja. Kwa injini ya Isuzu 4JB1, kwa mfano, nafasi ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi. Injini nyingine zina vipimo vyake.

Baada ya hapo fundi apime kila silinda kwa geji ya dizeli. Silinda zote zikiwa chini kwa kiwango kinachokaribiana, swali la kuuliza ni kuhusu gasketi. Gasketi za injini nyingi za dizeli huuzwa kwa unene tofauti, zikiwa na alama za matundu au pengo ukingoni, na huchaguliwa kwa kupima jinsi pistoni inavyochomoza. Gasketi nene kuliko inavyotakiwa hupunguza mbano hata kama ringi ni mpya. Ikiwa silinda moja tu iko chini, valvu au ringi za silinda hiyo ndizo za kukaguliwa.

MAMBO YA HATARI YA KUEPUKA

Kupiga stata mfululizo huiunguza. Sekunde 15 zinatosha, kisha ipumzike dakika mbili.

Dawa ya kupuliza ya etha haifai kamwe kwenye injini yenye hita plagi. Huweza kulipuka na kuvunja ringi au pistoni ambazo ndizo kwanza zimenunuliwa. Kitambaa kinachowaka moto mdomoni mwa bomba la hewa nacho kimewachoma watu.

Stata ikigonga na kukwama ghafla, lori lisisukumwe. Huenda silinda imejaa maji au dizeli, na kulazimisha kutapinda mkono wa pistoni. Isitoshe, kuliteremsha lori mlimani likiwa limezimwa ni kuhatarisha maisha, kwani breki hupungua nguvu na usukani huwa mzito.

Nozeli inayonyunyiza isikaribiwe na mkono. Dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linahitaji hospitali mara moja.

MAKUBALIANO NA FUNDI

Migogoro mingi kati ya wenye malori na mafundi huzuka kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Ni vyema mwenye lori aombe orodha ya sehemu zilizofunguliwa, vipuri vilivyobadilishwa na vipimo vya mbano, na akabidhiwe vipuri vya zamani. Lori lilale gereji usiku mmoja na liwashwe asubuhi likiwa baridi, mwenyewe akiwepo, kabla ya salio kulipwa. Lori linalowaka likiwa moto jioni halijathibitisha chochote.

Oili chafu iliyotolewa ihifadhiwe kwenye mtungi na kupelekwa kwa wakusanyaji walioidhinishwa. Isimwagwe mtaroni wala mtoni.

Kwa kifupi, mpangilio ni huu: moshi, umeme, hewa kwenye dizeli, hita plagi, taiming, valvu, kisha mbano. Hatua mbili za mwanzo zinahitaji spana, kipimo cha volti na subira ya asubuhi moja. Viazi vikishakaa siku mbili juani juu ya lori, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya washa chache za shaba.