MCHEZO WA MANENO MATUPU: NAMNA PROGRAMU YAKE ILIPITA MKONO KWA MKONO



Wengi kati yetu wanajua michezo ya telefoni: magari yanakimbia, askari wanapigana, mpira unaingia golini. Lakini ni wachache wanaojua kwamba ile michezo mikubwa ya leo, ambayo watu maelfu wanaingia pamoja katika dunia moja, ilitokana na mchezo usiokuwa na picha hata moja. Ulikuwa wa maneno tu. Tena, wanafunzi ndio waliokuza programu yake, wakipana kazi yao toka shule hata shule, toka inchi hata inchi. Nataka kueleza habari hiyo kwa kifupi, juu iko na neno kwetu pia.

1. Mchezo wenyewe ni nini?

Mchezo huo unaitwa MUD. Mchezaji anakaa mbele ya ordinatere na kusoma maandishi. Mfano huu nimeutunga mimi mwenyewe:

"Uko Birere. Mashariki kuna mpaka wa Gisenyi. Kusini njia inateremuka mpaka ziwani. Chukudu moja imesimama hapa, imebeba makaa. Furaha yuko hapa."

Furaha ni mchezaji mwingine, pengine anakaa Bukavu ao Butembo. Ukiandika "kusini", mashini itakuonyesha maneno ya ziwani. Ukiandika "sema Jambo", Furaha ataona salamu yako na kukujibu.

Namna gani inatumika? Ordinatere moja ya katikati inatunza dunia yote. Kila mahali pana namba yake, maelezo yake, na milango ya kwenda mahali pengine. Mashini inatunza pia orodha ya kila mchezaji na mahali alipo. Mtu akiandika neno, mashini inalisoma, inabadilisha orodha, kisha inapasha habari wale tu walio mahali pamoja naye. Halafu inapita kwa mwingine. Inafanya vile kwa mbio sana, hata kila mtu anaona kama anatumikiwa peke yake. Na kwa kuwa ni herufi tu zinazopita, mashini ya zamani na rezo dhaifu vinatosha. Ukurasa mzima wa maneno ni mwepesi kuliko picha moja ndogo ya telefoni.

2. Programu ya wazi ni nini?

Tazameni chukudu yetu. Hakuna aliyejificha na siri ya kuitengeneza. Fundi wa Rutshuru anaona ya fundi wa Goma, anapima miti, anaona mpira wa gurudumu ulivyopigiliwa, anatengeneza yake na kuongeza akili yake. Kwa sababu hiyo chukudu ilienea mji mzima, hata ikajengewa sanamu katika rond-point.

Programu nayo iko na hali mbili. Ya kwanza ni maandishi ambayo mtengenezaji aliandika. Mtu aliyejifunza anaweza kuyasoma na kuyasahihisha. Ya pili ni yale maandishi yakiisha kugeuzwa kuwa namba za mashini tu. Mwenye kukupa hali ya pili peke yake anakupa chukudu iliyofunikwa kwa chuma: unaweza kuipanda, lakini ikivunjika huwezi kuitengeneza. Mwenye kukupa maandishi yenyewe, pamoja na ruhusa ya kuyabadilisha na kuyagawa, huyo amekupa programu ya wazi.

3. Historia yake

Katika mwaka 1976 Mmarekani mmoja, Will Crowther, ambaye alipenda kuingia katika mapango, aliandika mchezo wa maneno juu ya pango moja la Kentucky. Ulikuwa wa mtu mmoja tu. Don Woods, wa chuo kikuu cha Stanford, aliuona, akamwandikia Crowther barua kwa njia ya ordinatere kumwomba maandishi yake. Crowther akatoa. Mwaka 1977 Woods akaupanua mchezo, nao ukaenea. Mbegu ya habari yote ni hiyo: mmoja aliomba, mwingine alitoa.

Mwaka 1978, katika chuo kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alijiuliza: mbona kila mtu acheze peke yake? Akaanza MUD ya kwanza, ambamo watu wengi walikutana. Mwaka 1980 mwenzake Richard Bartle aliipokea kazi na kuiendeleza. Watu wa nje walikubaliwa kuingia usiku wa manane, wakati mashini ya chuo haikuwa na kazi nyingine. Lakini programu hiyo ilikuwa imefungwa na aina moja ya mashini kubwa ya zamani. Shule isiyokuwa na mashini ile haikuweza kuitumia.

Mwaka 1987 Alan Cox na wenzake, wanafunzi wa Aberystwyth katika Wales, waliandika AberMUD. Mwaka uliofuata iliandikwa upya katika luga ya C, ambayo mashini za aina nyingi zinaelewa. Mara moja maandishi yake yakapita katika vyuo vingi. Huyu Cox baadaye alikuwa mmoja wa wajenzi wakubwa wa Linux, programu ya wazi ambayo iko ndani ya kila telefoni ya Android.

Mwaka 1989 walizaliwa watoto wawili wa maana. James Aspnes, wa Carnegie Mellon katika Marekani, alitoa TinyMUD. Yeye aliondoa mapigano, na akampa kila mchezaji uwezo wa kujenga vyumba na njia mpya. Katika Sweden, Lars Pensjö alikuwa amecheza michezo hiyo miwili, ya Cox na ya Aspnes, akataka kuunganisha uzuri wa yote mawili. Akatengeneza LPMud. Yeye alitenga moteri ya programu mbali na dunia ya mchezo. Moteri ikabaki vilevile, na kila kundi likaandika dunia yake juu yake. Ni kama gari: shofa anaweza kubadilisha karoseri bila kugusa moteri.

Mwaka 1990 wanafunzi watano wa chuo kikuu cha Copenhagen, katika Denmark, walianza DikuMUD: Katja Nyboe, Tom Madsen, Hans Henrik Stærfeldt, Michael Seifert na Sebastian Hammer. Mwaka 1991 wakatoa maandishi yake, pamoja na masharti. Majina yetu yaonekane kila mara mtu anapoingia. Na mtu yeyote asitafute feza kwa programu hii. Ilikuwa nyepesi kusimamisha, ndiyo sababu ilizaa sana: Merc, ROM, na CircleMUD ya mwaka 1993, kila mmoja akisahihisha kazi ya baba yake.

4. Wazo na maandishi

Mwaka 1999 kampuni moja ya Marekani ilitoa EverQuest, mchezo wa picha wa kulipia, ambao watengenezaji wake walikuwa wamecheza michezo ya uzao wa Diku. Ulifanana nayo sana. Watu wakanong'ona: hawa wameiba maandishi. Mwaka 2000 watengenezaji walitoa tamko la kiapo kwamba hawakuchukua hata mstari mmoja wa DikuMUD, na wale wa Copenhagen wakakubali. Neno likaisha.

Hapa kuna fundisho la wazi. Kuona kazi ya mtu, kuielewa, na kuandika yako kwa akili yako, huko ni kujifunza. Kuchukua maandishi yake na kuvunja sharti lake, huko ni wizi, hata kama alikupa bure.

Lakini sharti la kukataza feza lilikuwa na uzito wake pia. Tangu mwaka 1998, watu wanaposema programu ya wazi kwa maana kamili, hawakubali sharti la kukataza biashara. Mwaka 2020 wenye DikuMUD waliibadilisha ruhusa yao. Sasa mtu anaweza hata kuuzisha, ila anatunza majina ya wenye kazi, na programu ile akiisahihisha na kuigawa, sharti awafungulie wengine masahihisho yake.

5. Je, ni mambo ya Ulaya na Marekani tu?

Hapana. Njia ileile ya kupana maandishi ilifika hapa kwetu, hata kama haikuwa kwa mchezo. Mnajua fujo iliyotokea Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika Januari 2008, Ory Okolloh, David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman walianzisha programu yenye jina la Kiswahili, Ushahidi. Watu wengi walituma maneno mafupi kwa telefoni, na mashini moja ikayapanga kwenye karata ya inchi, mahali kwa mahali, ili wote waone. Ukitazama vizuri, mifupa yake iko karibu na ile ya MUD: wengi wanaandika, mmoja anapanga, wote wanasoma.

Maandishi ya Ushahidi yalifunguliwa kwa wote. Katika Novemba 2008, wakati vita ilifika karibu na mji wetu wa Goma, programu hiyo ilisimamishwa kwa habari za Kivu. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la inchi. Kama watu wale wangefunga maandishi yao katika kasha, Kivu ingepata nini?

6. Neno kwetu

Kuna programu ya wazi inayoitwa Evennia, ya kujenga michezo ya namna hii. Ilianza mwaka 2006, inaandikwa katika luga ya Python, na ni bure. Ukiisha kuiteremusha na vyote inavyodai, na kuibeba kwa flash, haidai intaneti tena. Mashini za sale yetu ya ordinatere, zikiunganishwa kwa kamba tu, zinaweza kuichezesha. Tungeweza kuandika mji wetu kwa Kiswahili: Katindo, Himbi, Mont Goma, lava ya mwaka 2002 na ile ya 2021. Wa klase ya tatu wangejifunza jiografia, uandishi na programu kwa pamoja.

Lakini iko tabia moja inayoua kazi kama hii, na inafaa niiseme. Mtu anapewa kazi ya mwenzake kwa flash. Anafuta jina, anaweka lake, kisha anaiuzisha kwa wadogo. Mwenye kazi akijua, mwaka unaofuata hatoi tena. Na sisi wa klase ya sita tunatoka mwaka huu. Tukiondoka na kila kitu katika flash zetu, klase ya tano itaanza tena kwa sifuri, na ya ine nyuma yao vilevile. Trubshaw alimwachia Bartle. Kama asingemwachia, mchezo wake ungekufa siku alipotoka shuleni, na mimi nisingekuwa na habari ya kuandika hapa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Unayepokea kazi, tunza jina la aliyeitengeneza. Unayeisahihisha, andika ulichobadilisha ili mwingine aelewe. Unayetoka, acha maandishi, usiache matunda yake tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenye kutaka kujaribu wafike sale ya ordinatere Jumamosi, kisha masomo ya asubuhi. Kila mmoja alete maelezo ya mahali pamoja pa kartie yake, mistari mitano, kwa Kiswahili, na jina lake chini.

Mkubwa wa wanafunzi, klase ya sita