Kunusurika, Pachiko na Kujiliwaza

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Singida ametuletea rasimu ya taarifa anayotaka kumpelekea mzazi, akiomba tuitazame lugha yake. Humo ameandika kwamba mwanafunzi "ana uraibu wa michezo ya kiama". Sarufi haina kosa. Lakini istilahi hizo mbili zinamhukumu mtoto kabla hajasikilizwa.

Tuanze na kiama. Michezo inayohusika ni ile ya kompyuta ambamo dunia imekwisha kuteketea, na mchezaji hutafuta maji, kuni na mahali pa kulala. Siku ya kiama, kama wajuavyo waumini, haina kesho yake ya kuokota kuni. Tunapendekeza "michezo ya kunusurika", na pale mandhari inapobidi kutajwa, "baada ya maangamizi".

Aghalabu wachezaji hawa hawaridhiki na mchezo kama ulivyouzwa. DayZ, kwa mfano, ulianza mwaka 2012 kama badiliko ambalo Dean Hall wa New Zealand aliufanyia mchezo wa kivita uitwao Arma 2. Kuliita badiliko la namna hiyo kiraka hakufai: kiraka huziba tundu, na hapa hapakuwa na tundu. Sisi tunaona "pachiko", kutokana na kupachika, linafaa zaidi. (Tunakiri kwamba wapo wanaopachika ili kupunguza: huwaondoa maadui wote, wakabaki na moto na mvua.)

Mwanafunzi huyu ni mmoja wao. Katika mkoa ambao ukame si hadithi, kuhesabu madebe ya maji na kujaza kihenge ni kazi inayoeleweka. Ila mchezoni, tofauti na shambani, mwenye kuhesabu vema hushiba. Hatusemi kwamba anapata faraja, kwani faraja hudokeza kuwa dhiki imeondoka. Kujiliwaza ni kuutuliza moyo dhiki ingalipo.

Ama uraibu, Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, inautambua katika michezo ya kompyuta. Lakini sharti mtu ashindwe kujizuia, autangulize mchezo mbele ya shughuli nyingine, na aendelee ingawa unamdhuru, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Mwanafunzi huyu hucheza Jumamosi, kwa binamu yake.

Tumemrudishia mwalimu taarifa ikisomeka hivi: "Mwanao hujiliwaza kwa michezo ya kunusurika. Tungependa tuzungumze nawe kuhusu linalomsumbua."